Weusi wa Mgongoni: Mhudumu wa Maiti Aliyemlazimisha Inspekta Kukiri Kosa

"Samahani mama, nakugeuza kidogo."

Ni saa moja kasorobo asubuhi. Anayesema ni mwanamke wa miaka hamsini na miwili, amevaa aproni ya plastiki, glavu mbili mbili na viatu vya mpira vinavyomfika magotini. Anayeambiwa hajibu. Ni bibi aliyefariki jana jioni katika wodi ya juu. Mwanamke anamshika bega na nyonga, anamlaza ubavu, kisha anaanza kumfuta mgongo kwa kitambaa chenye maji.

Anamgeukia mwandishi aliyeng'ang'ania mlango. "Sogea uone, ndugu zake wameniruhusu nikuonyeshe. Usiogope, hakuumi. Wanaouma wako huko nje."

Mgongo umejaa weusi wa zambarau, kuanzia mabegani hadi kiunoni. Ni kwenye mifupa ya mabega na makalio tu ndiko ngozi imebaki na rangi yake. Kwa jicho la mgeni, bibi huyu amepigwa, tena amepigwa na mtu asiye na chembe ya huruma.

"Hajaguswa na mtu," anasema mhudumu. "Moyo ukisimama, damu haina wa kuisukuma. Inashuka chini, inatuama. Amelala chali, basi imetuama mgongoni. Hapa palipobaki na rangi ndipo alipogandamiza kitanda, damu ikakosa pa kuingia. Angekufa kifudifudi, ungeuona weusi huu tumboni. Itakuwa hivyo kwangu, kwako, na kwa Inspekta."

Hilo jina la mwisho analitamka kama mtu anayemtaja jirani aliyesogeza mpaka wa shamba.

Hapa hospitalini, kuanzia mganga mkuu hadi wafagizi, wote wanamwita Shangazi. Ana miaka ishirini na sita katika chumba hiki chenye majokofu mawili, moja linalofanya kazi na jingine ambalo, kwa maneno yake, "linasubiri kikao". Kwa siku hupokea maiti kati ya wanne na tisa. Huwaosha, huwapanga, huwaandika daftarini, na huwasemesha wote. Mshahara wake anasema hufika nyumbani ukiwa hoi.

Mtaani wapo wasiompa mkono. Mwenye duka humwambia aweke hela mezani, asimshikishe. Shangazi haoni tabu. "Wote nitawapokea," anasema, na cheko linamtoka mpaka aproni inatikisika. "Na sitambagua mtu."

Jambo moja tu lilimshinda kuzoea: tamthilia iitwayo "Jicho la Inspekta".

Tamthilia hiyo ya upelelezi hurushwa kila Jumapili saa kumi alasiri. Inspekta huvaa koti refu hata jua likiwa la utosi, na kwa misimu minne hajashindwa kesi hata moja. Mume wa Shangazi, fundi baiskeli, ni mshabiki wake wa kufa na kupona. Jumapili hufunga kibanda saa tisa na nusu, hata awe amelishika gurudumu la mteja mkononi.

"Mimi tatizo langu ni mdomo," anakiri Shangazi. "Namwambia, baba, tazama, maiti anahema! Tumbo linapanda, linashuka! Ananijibu, mke wangu, nyamaza, tutapitwa."

Mume akaona liwalo na liwe, akamnunulia daftari la shule lenye jalada la bluu ili aandike badala ya kusema. Mpaka leo daftari lina makosa sitini na moja, kila moja na tarehe yake. Kosa la tano: Inspekta anagusa paji la uso wa marehemu na kutangaza kuwa alikufa saa tatu na dakika kumi. "Saa ya ukutani hiyo au mkono? Daktari bingwa mwenyewe atakwambia ni kati ya saa fulani na saa fulani." Kosa la kumi na tisa: mtu aliyekufa jana usiku, leo asubuhi mkono unaning'inia laini kama wa mtoto aliyesinzia. "Wakati huo anakuwa amekakamaa, ubao una nafuu." Kosa la thelathini na mbili, Inspekta anatafuna karanga ndani ya chumba cha maiti. Hapo Shangazi hulifunga daftari kidogo apumue. "Karanga! Na mkono uleule!"

Makosa hayo yote yalikuwa mzaha wa sebuleni. La arobaini na nne lilivunja nyumba ya watu.

Katika sehemu hiyo Inspekta anamgeuza mzee aliyekutwa amekufa kitandani. Anaona weusi mgongoni. Kamera inausogelea, muziki unapanda, naye anasema: "Hiki ni kipigo. Maiti hasemi uongo." Dakika kumi baadaye mtumishi wa nyumba yuko mahabusu, analia na kukiri.

"Akiri nini?" anauliza Shangazi, bado ana hasira kana kwamba ni jana. "Na mimi nililia. Nililia kwa ghadhabu."

Wiki tatu baadaye aliletwa hapa bibi wa miaka sabini na minane. Alikuwa amefariki usingizini, nyumbani, akakutwa asubuhi. Kwa miaka miwili alikuwa akiuguzwa na mke wa mwanawe, fundi cherehani ambaye aliihamishia cherehani yake chumbani kwa mama mkwe ili asimwache peke yake. Binti mkubwa wa marehemu alikuja kumwosha mama yake. Akafunua shuka, akauona mgongo, na ukelele alioupiga ulisikika mpaka dirisha la dawa: "Wifi yangu amemuua mama!"

Daktari alichunguza, akaandika kuwa ni moyo. Polisi walifunga jalada siku ya nne. Haikusaidia kitu. Binti wa marehemu alisema daktari ni mtu na polisi ni mtu, na mtu huhongeka. Yeye ameona kwa macho yake mawili, na Inspekta alishaeleza maana yake.

Fundi cherehani alitolewa nyumbani siku ya tatu baada ya mazishi, na cherehani yake ikatolewa nyuma yake. Binti yake wa miaka mitano akabakizwa kwa wifi. Mume wake anafanya kazi mbali. Hakumfukuza wala hakumtetea, alitulia kama maji mtungini.

Mwandishi amemkuta katika chumba kimoja cha kupanga, akipindia shuka za watu. Ana sauti ya chini na haachi kushona anapozungumza. "Nilikuwa namgeuza mama kila baada ya saa mbili asije akapata vidonda," anasema. "Hakupata hata kimoja. Halafu naambiwa nilikuwa nampiga." Anakata uzi kwa meno. "Mwanangu ana miezi minane sijamshika. Juzi nilimwona getini kwa shangazi yake, akakimbilia ndani. Ameshafundishwa kuniogopa."

Ukimuuliza Shangazi kwa nini amejitwika mzigo wa watu baki, hujibu haraka, kwa sauti isiyo na utani. "Kwa sababu kosa la kwanza ni langu. Kila ndugu anayekuja kuosha, kabla hajagusa shuka, mimi humwambia: mtaona weusi mgongoni, msishtuke, sababu ni hii na hii. Miaka yote. Siku ile nilikuwa na maiti saba na jokofu limegoma. Nilimkabidhi yule dada ndoo na sabuni, nikaenda zangu. Maneno mawili tu, mwanangu. Sikuyasema."

Alianza kwa barua. Aliiandikia stesheni ya runinga barua tano na hakujibiwa hata moja. Ndipo akaanza kwenda mwenyewe siku zake za mapumziko. Mara mbili aliishia getini, ambako mlinzi, naye mshabiki, alitaka kwanza kujua kama amekuja kuigiza maiti. Mara ya tatu alikwenda na mumewe, wakakaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa mbili asubuhi. Saa nane mchana mtunzi wa tamthilia, mwanamume wa makamo mwenye miwani juu ya kipara, aliona aibu akawaita.

Shangazi anayakumbuka mazungumzo hayo neno kwa neno.

"Mama, huu ni mchezo tu. Watazamaji wanajua."

"Wifi wa mtu hakujua, baba."

"Lakini Inspekta hakosei. Tamthilia yote imesimama hapo. Akikosea, nani atamwangalia?"

"Mimi," akadakia fundi baiskeli, ambaye muda wote alikuwa amekodolea macho koti la Inspekta lililotundikwa ukutani. "Misimu minne sijakosa Jumapili. Akisema amekosea, nitampenda zaidi. Ila akijua amekosea akanyamaza, basi kaka, hiyo runinga nitaiuza."

Mtunzi alikuja mochwari wiki iliyofuata. Kwa ridhaa ya familia moja, Shangazi alimgeuzia mgongo wa marehemu wao, kama alivyomfanyia mwandishi wa makala hii. Mtunzi alitazama, akatoka nje, akakaa kwenye ngazi robo saa. Aliporudi aliomba kalamu.

Hata hivyo hakupewa mteremko. Shangazi aliirudisha rasimu yake mara tatu. Katika ya kwanza, mhudumu wa maiti alikuwa mlevi. "Nikamuuliza, kwani ni lazima tulewe? Ukilewa huku utamkabidhi mtu marehemu asiye wake!" Katika ya pili, weusi ulikuwa umekaa pasipopaswa. Ya tatu ilikuwa nzuri, mpaka mwigizaji wa Inspekta alipoomba abadilishiwe maneno. Badala ya "nilikosea" alitaka aseme "kulikuwa na utata".

"Utata wa nani?" anafoka Shangazi. "Yule mtumishi alilala mahabusu kwa utata? Nikawaambia, ni neno moja. Mimi si msomi, lakini nalijua, na halichubui ulimi. Aseme nilikosea."

Kwa simu, mtunzi anakiri kuwa amepata taabu. "Yule mama amenitoa jasho," anasema. "Lakini tumeshapiga picha na haikatwi. Inspekta anaelezwa ukweli na mhudumu wa maiti, halafu anakwenda mahabusu na kumwambia mtumishi, 'Nilikosea.' Dakika mbili na nusu." Anasema wenzake wawili waliipinga mpaka siku ya mwisho.

Sehemu hiyo inarushwa Jumapili hii.

Ungedhani Shangazi sasa angetulia. Wapi! Anasema runinga peke yake haimalizi neno lililoanzia mkononi mwake. Jumanne alikwenda dukani kwa yule binti wa marehemu, anakouza madaftari na kalamu. Alisimama mbele ya meza, wateja wakisikia, akasema: "Siku ile nilipaswa kukueleza kabla hujafunua shuka. Sikukueleza. Nilikosea, na kosa langu limemwangukia wifi yako. Jumapili niruhusu nije naye, tukae tuangalie pamoja."

Dada yule aliendelea kupanga kalamu, nyekundu huku, bluu kule. Mwandishi naye alipofika dukani siku iliyofuata, aliambiwa maneno machache tu: "Mimi nilimpoteza mama. Hilo nalo uliandike." Yameandikwa.

"Ana haki," anasema Shangazi. "Mimi simlaumu. Mtu amemfunua mama yake akaona yale, asieleweshwe na yeyote, ungetaka afikiri nini? Mwenye kosa ni aliyejua akanyamaza."

Anammalizia bibi wa asubuhi. Anamfunika shuka mpaka kidevuni, anamwekea nywele sawa, anavua glavu. Mpango wake wa Jumapili hauna mbwembwe. "Nitakwenda kwake na yule fundi cherehani, nitabisha hodi. Asipofungua, tutakaa barazani, tusikilize kupitia dirishani. Jumapili nyingine nitarudi, na nyingine. Nimengoja jokofu miaka minne, sembuse mlango?"

Akiwa bado ananawa, simu yake inalia dirishani, mlio mfupi wa ujumbe. Mikono imejaa sabuni. Anamwomba mwandishi amsomee.

Umetoka kwa mwenye duka la madaftari: "Njooni saa tisa. Mtoto nimeshamwambia mama yake anakuja."

Shangazi anafunga bomba. Anajifuta mikono kwenye gauni badala ya taulo, anaichukua simu, anapiga. Cherehani inasikika upande wa pili, kisha sauti ya chini inaitika.

"Wewe, hebu simamisha hiyo cherehani unisikilize," anasema Shangazi. "Jumapili saa tisa. Vaa vizuri. Unakwenda kwa mwanao."