Siku ya Wanaume Kuchota Maji

Kijijini kwa kina Sikuzani, upande wa Mnyambe, kulikuwa na siku moja ya kiangazi ambayo vijana waliingojea mwaka mzima. Mtama ukishavunwa, mvulana mwenye msichana moyoni alijifunga kaniki ya dada yake, akateremka bondeni na mtungi, akapanda nao mlima hadi mlangoni kwa huyo msichana. Msichana akinywa, amekubali. Akimwaga, basi tena. Ngoma zililia kutwa, na watu walicheka hadi wakashika mbavu kwa kuona midume mizima ikikata viuno na mitungi kichwani. Waliojua siku hiyo ilikotoka walikuwa wachache, na Sikuzani hakupenda kuulizwa.

Ilitoka kwa mumewe, Shamte.

Mwaka wa vita vya Maji Maji, vijana kadhaa wa kijiji walikwenda Masasi kupigana, wamenyunyiziwa dawa waliyoambiwa ingegeuza risasi za Mdachi kuwa maji. Shamte hakwenda. Alikuwa mtu wa shamba lake, mpole, na mkewe alikuwa na mimba pevu. Lakini askari wa Mdachi walipopanda mlima kulipiza kisasi, hawakuuliza nani alikwenda na nani alibaki. Walichoma nyumba na maghala, na watu wakakimbilia vichakani.

Askari hawakujisumbua kuwafuata. Walikwenda kukaa kwenye chemchemi, chini kabisa bondeni. Huko juu hakuna kisima wala mto. Mwenye kiu lazima ateremke. Kila mwanamume aliyefika alikamatwa. Wengine walinyongwa, wengine wakatiwa kamba shingoni kuwa wapagazi. Wanawake waliachwa wachote.

Sikuzani alijifungulia humo vichakani, mtoto wa kiume. Homa ikamlaza, asiweze hata kusimama. Binti yao, Kibibi, alikuwa bado mdogo mno kubeba mtungi. Jirani yao Siti, Mama Nurdini, aliwagawia maji yake, lakini naye alikuwa na vinywa vya kunywesha.

"Baba Kibibi," Sikuzani alisema, "maziwa yamekauka."

Shamte aliokota kaniki ya mkewe, akaikung'uta vumbi.

"Unataka kufanya nini?"

"Nakwenda na kina Mama Nurdini."

"Watakuua!"

"Kiu nayo inaua. Hebu nifunge vizuri, nisije nikachekesha watu."

Sikuzani alimfunga, akamfunika kichwa na mdomo, maana Shamte hakuwa na ndonya, kile kipande cha mti, kwenye mdomo wa juu kama wanawake wa kwao. Siti akamfundisha kutembea.

Siku hiyo alirudi na maji. Kesho yake vilevile, na jioni waliweza hata kucheka kidogo, Shamte akilalamika kwamba shingo imeingia tumboni. Asubuhi iliyofuata alikwenda tena.

Jua lilikuwa utosini wanawake waliporudi. Siti alikuja peke yake hadi alipolala Sikuzani, akautua mtungi wa Shamte.

"Yuko wapi?"

"Askari mmoja alimtamani," Siti alisema, macho chini. "Akamvuta vichakani, nguo ikafunguka. Wenzake wakacheka, Mama Kibibi. Wakamtwika mtungi huu, wakamchezesha kuizunguka chemchemi, na sisi tukalazimishwa kupiga makofi. Walipochoka kucheka wakautua mtungi, wakampiga risasi."

"Nanyi mkapiga makofi."

"Tulipiga."

Sikuzani aliutazama mtungi. Ulikuwa umejaa. Kitoto kilikuwa kinalia, basi akanywa.

Hata hivyo kitoto hakikuishi. Maghala yalikuwa majivu, mvua ikapita bila mbegu, watu wakala ming'oko, mizizi ya porini, hadi nayo ikaisha. Sikuzani alimzika mwanawe kwa mikono yake. Wenye nguvu ya kuchimba kaburi walikuwa wamekwisha.

Askari walipoondoka, wanaume wachache waliosalia waliona haya kukaa wakingoja kuletewa maji. Kiangazi kilichofuata walijifunga kaniki, wakateremka kimyakimya, na mtungi wa kwanza wakaupeleka kwa mjane wa Shamte. Yalikuwa matanga yale. Lakini watoto walikua, wageni wakahamia, wote bila kumjua Shamte, na mwaka mmoja mtu akaleta ngoma, mwingine akaupeleka mtungi wake kwa msichana aliyempenda.

Zamu ya Kibibi ilipofika, aliyetokea mlangoni ni kijana wa kuhamia aliyeitwa Lukmani, jasho likimtiririka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Unajua kwa nini umevaa hiyo kaniki?"

"Ndiyo mila, mama. Mwenye kupenda huvaa."

Sikuzani akamkalisha, akamweleza yote, hata makofi. Kibibi alisikia akiwa kizingitini. Mengine alikuwa hajawahi kuambiwa. Lukmani akaanza kuifungua kaniki kwa aibu.

"Iache," Sikuzani alisema. "Mwenzio anakungoja."

Kibibi akanywa. Wakaoana, wakakaa vizuri, lakini si kwa muda mrefu. Mdachi na Mwingereza walipoanza vita vyao, askari walipita tena wakikusanya wapagazi, na Lukmani akaondoka na kasha la risasi kichwani. Hakuna aliyeleta habari zake. Kibibi akarudi kwa mama yake.

Kiangazi hicho vijana waliobaki walicheza vilevile. Kabla ngoma hazijawambwa, Sikuzani na binti yake walikuwa wameshateremka bondeni kuchota maji yao wenyewe, kila mmoja na mtungi wake.