Mtangulizeni Mpiga Ngoma

Naikumbuka siku ile ya harusi kijijini Ikolo, mwanangu, tena naikumbuka kwa raha, ingawa ilianza kwa vitisho. Nilikuwa msichana, mwimbaji mpya wa bendi yetu ya Kyela mjini, na baba hakutaka. Aliniambia, "Atupele, leo nakuja kukusikiliza mwenyewe. Ukitia aibu, kesho unarudi kwenye shamba la kokoa, na muziki basi." Baba yangu akisema basi, ni basi.

Ukumbi ulikuwa wa mabati, na mvua ya kwetu unaijua, haibishi hodi. Ilishuka nikiwa katikati ya ubeti wa pili. Sikusikia gitaa, sikusikia hata sauti yangu mwenyewe. Nikapotea. Wachezaji wakaanza kukanyagana, wengine wakaelekea vitini. Baba akasimama, akavaa kofia yake.

Nikageuka kumtafuta Gwakisa, mpiga tumba wetu, kijana mpole ambaye sisi wasichana tulikuwa hatumjali. Wajinga sisi! Yeye alikuwa ameshaona kwamba nimepotea. Akatikisa kichwa kunikataza nisiimbe, kisha akawa anainua mikono hadi juu ya kichwa kwa kila pigo, taratibu, ili watu wayaone mapigo wasiyoweza kuyasikia. Mpiga gitaa akamfuata. Wachezaji wakamfuata. Ndipo akanikonyeza niingie. Nikaimba nikimtazama yeye, maharusi nimewapa mgongo, na ukumbi mzima ukarudi kucheza. Hata akina mama waliokuwa wakilinda masufuria ya wali waliyaacha.

Mvua ilipotulia, baba alikuja mbele. Nikanyoosha mkono nipongezwe. Akanipita! Akaenda kumshika Gwakisa mikono yote miwili: "Ndaga fijo, mwanangu. Asante sana." Halafu akanigeukia mimi.

"Wewe utaimba. Ila popote utakapoimba, huyu awepo. Asipokuwepo, kokoa inakusubiri."

Sikununa, maana alisema haki. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Sasa nasikia wewe na wenzako mnaanzisha bendi, na mnasema mpiga ngoma wa nini, kinanda kina mapigo yake ndani. Kinayo, sikatai. Lakini kinanda hakikuoni ukipotea. Kitakwenda zake na kukuacha njiani. Mtafuteni mpiga ngoma kwanza, kabla ya mwimbaji, kabla ya hizo sare mnazogombania rangi. Mchagueni anayetazama watu, si mwenye mbwembwe tu. Mkimpata, msimfiche nyuma ya spika, na makofi yakipigwa, mtajeni jina. Nimeimba miaka mingi, mwanangu, na hili sina shaka nalo hata kidogo.

Nendeni na baraka zangu. Mungu awape sauti nzuri, na kabla ya sauti awape mtu wa kuwasubiri mkipotea.