Kichaka cha Mpakani

Edmonton ya utoto wangu, huku Uingereza, inaninukia udongo uliolowa. Mfereji wa paa letu ulikuwa umetoboka, mwenye nyumba hana habari, na maji yalidondokea pale uzio ulipoanguka, kati yetu na Bibi Joan, Mwaustralia mzee aliyeishi peke yake. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya tisini, nasi tulikuwa wageni kutoka Kivu. Katika tope hilo Bibi Joan akapanda kichaka. Kikatoa maua ya njano yenye moyo mwekundu, umbo lake kama maua ya maharage, nami nikayapenda mara moja.

Mama hakuyapenda hata kidogo. Kwetu mtu hapandi mti mpakani bure. Akipanda, anakuambia shamba lake linafika hapo. Ndivyo babu alivyopokonywa lake: jirani alipanda miti, kila masika akaisogeza kidogo, mpaka siku moja tukaambiwa wavamizi ni sisi. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nyumba yenyewe tulipanga tu, lakini nani angemwambia Mama hivyo? Kila asubuhi, kabla ya kwenda kazini kuhudumia wazee, alisimama dirishani akakikagua. "Kimesogea," alisema. "Wewe huoni?" Nami nikaanza kuona kinasogea.

Nikatumwa kumuuliza Bibi Joan. Alicheka, akanieleza kwamba kwao kichaka hicho huota kando ya mto, kwamba mabwawa na mifugo vimekaribia kukimaliza, na kwamba hiki alikiotesha kwa mbegu yake ya mwisho. Kinataka maji, akasema, na maji yako hapo tu. Nikamtafsiria Mama yote. "Huyo anajua kusema," akajibu. Jumamosi, Bibi Joan alipokwenda sokoni, Mama alikichimbua taratibu, pamoja na udongo wake, akakipanda katikati ya bustani ya Bibi Joan, pakavu. Hakutaka kukiua, alitaka kirudi upande wake. Kabla kiangazi hakijaisha kilikuwa kuni. Bibi Joan hakutugombeza. Aliacha tu kutusalimu, na hilo liliniuma kuliko matusi.

Leo nina nyumba yangu Barking, na uzio wake mzima. Juzi jirani mpya, mama wa Kihindi aliyezaliwa Kampala, aliniletea mche wa mchaichai kwenye kopo. "Nimepanda mwingine kwangu," akasema, "huu wako, mwanangu." Nilimshukuru kwa moyo wote. Alipoondoka, kabla hata sijautua ule mche, nilikwenda uani kuchungulia wake ameupanda wapi.