Yule Mwembamba na Yule Mtu Mzima

Mchana wa jua kali, katika nyumba za Mji Mkongwe, hakuna anayefunga madirisha. Hilo ndilo lililokuwa likinitisha kuliko mashine yenyewe. Kila Alhamisi baada ya sala ya alasiri tulifunga yote manne ya chumba cha juu, tukayatundikia mablanketi, tukakaa watu wanne ndani ya joto lile kumwangalia mwanamke wa Kizungu akifa.

Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Shule niliiacha darasa la sita. Sikufukuzwa, siku moja nilikwenda Kidichi kuangalia karafuu zinavyoanikwa, na darasani sikurudi tena. Tangu hapo nilibeba magunia bandarini, nikapaka chokaa, nikauza ndizi Mwanakwerekwe, na kila kazi niliiacha nilipoona nimeshaielewa. Wakati ninaousimulia, miaka minne au mitano baada ya Mapinduzi, nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya mshonaji mmoja, mwanamke wa makamo niliyekuwa nikimwita bi mkubwa. Mumewe alichukuliwa mwaka ule ule wa Mapinduzi na hakurudi. Mtaa mzima ulijua hivyo. Mtaa mzima haukuuliza, na mimi pia sikuuliza.

Picha alizileta mdogo wake wa kiume, ambaye kazi yake ilikuwa kuendesha mashine katika sinema moja ya mjini. Wataalamu kutoka nje walikuwa na nyumba upande wa Kiembe Samaki ambako walionyeshana picha za kwao, na mashine yao ilipoharibika walimwita yeye. Huko stoo akakuta mikanda ya ile ngoma ya kwenda kwa ncha za vidole, ambayo wenyewe huiita baleti. Kisa kilikuwa kimoja, lakini kimechezwa mara mbili, na wanawake wawili tofauti. Akawa anachukua mkanda mmoja Alhamisi mchana na kuurudisha kabla ya magharibi, bila barua wala ruhusa, na kutuonyesha kwa mashine ndogo aliyoifufua mwenyewe kutoka kwenye vyuma vibovu.

Mkusanyiko usio na kibali, mali ya watu, madirisha yaliyofungwa mchana. Kila kimoja peke yake kingetosha kumpeleka kijana huyo alikopelekwa shemeji yake. Dada yake alijua hivyo kuliko sisi sote, na bado ni yeye aliyekuwa akitundika shuka nyeupe ukutani.

Mtu atauliza, kwa nini basi? Mimi naona ni kwa sababu katika picha zile hakuna aliyefungua mdomo. Miaka ile neno lilikuwa kitu cha kuogopa. Ukilisema leo, kesho unaulizwa ulikuwa na maana gani. Wale walicheza tu.

Kisa chenyewe ni chepesi. Msichana anampenda askari aliyetoroka jeshini, anamficha darini kwao. Askari wenzake wanakuja kumtafuta. Wanagonga mlango. Msichana anawachezea ngoma ili wasahau walichokijia, anacheza mpaka anachoka, lakini mwisho wanapanda darini na kumuua kijana, na yeye anaanguka pale pale na moyo wake unasimama.

Mashine ilikuwa na kelele, ikitatarika kama mvua juu ya mabati. Ili isisikike njiani, bi mkubwa alikanyaga cherehani tangu mwanzo wa picha mpaka mwisho, bila uzi, macho yake ukutani. Sauti ya picha tuliizima. Kwa hiyo muziki wa ngoma ile sikuwahi kuusikia. Ninapoikumbuka, naona wanacheza kwa mdundo wa cherehani.

Na tulibishana. Wa nne wetu alikuwa mzee aliyekuwa karani wa mahakama kabla hajapumzishwa, na hakuna jambo alilokubali bila ushahidi. Mchezaji wa kwanza tulimwita yule mwembamba, wa pili yule mtu mzima, na ugomvi wote ulikuwa juu ya kitendo kimoja, pale mlango unapogongwa. Yule mwembamba anageuka mlangoni mwili mzima, kama swala. Yule mtu mzima hageuki. Anatazama juu, darini, mara moja tu, halafu anashusha macho.

"Mwembamba ndiye," mzee karani alisema, akipaza sauti ili asikike juu ya cherehani. "Ana akili. Mwenye siri hutazama anakotoka adui."

"Mwembamba hajapata kugongewa mlango maisha yake," bi mkubwa akamjibu kwa sauti ile ile. "Kaambiwa geuka, kageuka."

"Na huyo mtu mzima wako anatazama darini! Si bora awaoneshe kwa kidole?"

"Mara moja tu, mzee."

"Mara moja inatosha kumuua mtu, bi mkubwa."

Miguu ya bi mkubwa iliendelea kukanyaga.

"Ndiyo maana ikawa msiba," mdogo wake akasema. "Angekuwa na akili, picha ingekwisha mapema."

"Mwanamke mjinga mimi hanilizi."

"Mbona Alhamisi iliyopita ulipenga kamasi, mzee?"

"Joto lile!"

Mimi nilikuwa na maswali yangu. Nilitaka kujua vidole vyao havivunjiki vipi. Nilijaribu chumbani kwangu, nimeshika kitanda, na ukucha wa kidole gumba ukawa mweusi mwezi mzima. Lakini juu ya lile la kutazama nilikuwa upande wa mzee karani. Niliamini kwamba mtu akiogopa kweli, macho yake humtii.

Alhamisi ya mwisho ilikuwa zamu ya yule mtu mzima. Tulikuwa hatujafika hata kwenye dari mlango wa chini ulipogongwa. Jirani kwetu hagongi kimya. Hupiga hodi kwanza, na jina lako juu yake. Huyu hakupiga hodi. Aligonga mara tatu, akasubiri, akagonga tena.

Mdogo mtu alizima mashine na kuisukuma chini ya meza ya kukatia, pamoja na mkanda wake, na kitambaa kilichotandikwa juu ya meza kikashuka mpaka sakafuni. Mzee karani, bila kuambiwa, akajilaza kitandani na kujifunika. Mdogo mtu akakaa kando yake na kitambaa cha maji. Bi mkubwa hakuacha kukanyaga. Mimi nikashuka kufungua.

Alikuwa mtu wa mtaani petu, yule aliyepewa kazi ya kujua nani analala nyumba gani. Mkononi ana bakora.

"Madirisha," alisema.

"Kuna mgonjwa, bwana. Ana homa, mwangaza unamuumiza."

Alinipita na kupanda ngazi. Pale juu alisimama katikati ya chumba, akiyaacha macho yake yazoee kiza.

"Shikamoo, mzee."

"Mara... haba," mzee karani alijibu, kwa sauti ya mtu anayeaga dunia.

"Na shuka hii ukutani?"

"Nnaipima," bi mkubwa alisema. "Nnataka kuikata."

"Mgonjwa hajafa, bibi, ushamkatia sanda?" Akacheka peke yake.

"Mwache akate," mzee alisema kutoka ndani ya blanketi. "Siku hizi kitambaa hakipatikani."

Mtu yule hakucheka tena. Chumba kilinuka mashine iliyopata moto, na nilijua kwamba kama mimi naisikia harufu ile, naye anaisikia. Alikiangalia cherehani, sindano inapanda na kushuka, haina uzi. Akaniangalia mimi.

"Na wewe unafanya kazi gani?"

"Yoyote inayopatikana, bwana."

Na hapo nikatazama. Sikutaka. Nilijua vizuri wapi nisitazame, na nilikuwa nimeukazia macho mguu wa kitanda tangu niingie. Lakini macho yalikwenda yenyewe chini ya meza, yakarudi. Ilikuwa mara moja tu.

Alikwenda mezani moja kwa moja. Kwa ncha ya bakora alinyanyua upindo wa kitambaa, akainama, akatazama. Uso wa mdogo mtu ulikuwa umekauka. Maji ya kitambaa alichokishika yalikuwa yakimdondokea mzee sikioni na hakuna aliyejali. Sijui yule bwana aliinama muda gani. Kisha aliteremsha upindo, taratibu, kama mtu anayemfunika mtoto aliyelala.

"Fungueni madirisha," alisema. "Mgonjwa anataka hewa."

Bi mkubwa hakusimamisha miguu mpaka tuliposikia mlango wa chini umefungwa.

Mdogo wake aliuzungushia mkanda kanga mbili, akaufunga nyuma ya baiskeli na kuondoka. Kama yule mtu alikuwa amekwenda kuita wenzake, wangekutana njiani. Mzee karani alirudi kwake bila kuaga. Mimi na bi mkubwa tulikaa dirishani, sasa liko wazi, tukiangalia kona ya uchochoro.

"Ulitazama," alisema.

"Naam. Nisamehe, bi mkubwa."



"Nyumba yetu ya kwanza ilikuwa na dari," alisema. "Walipokuja hawakuniuliza kitu. Nilikuwa nimeshajiandalia maneno ya kuwaambia, hata hayakuhitajika. Nilitazama juu, wakapanda."



"Yule mtu mzima," aliendelea, "ama kafundishwa na mtu anayejua, ama na yeye yamemfika."

Magharibi iliadhiniwa. Watu walitoka msikitini. Ndipo tukasikia kengele ya baiskeli, na mdogo wake akatokea kwenye kona, nyuma hana kitu. Bi mkubwa aliweka kichwa juu ya kizingiti cha dirisha, akabaki hivyo.

Hatukuonyesha tena. Mashine tuliifungua skrubu moja moja. Mdogo mtu alilala nyumba tofauti kila usiku, na mwezi haujesha akapata njia ya kwenda bara. Hakuna aliyekuja kumuuliza, wala kabla wala baadaye.

Kiasi cha miezi miwili ikapita. Nilikuwa kwenye foleni ya mchele, kopo mkononi, nikasikia mtu nyuma yangu anasema kwa sauti ya chini:

"Yule anayetazama juu. Mwisho anakufa?"

Niliijua sauti kabla sijaiona bakora. Ndipo nikaelewa upumbavu wetu: cherehani kiliificha mashine, lakini kilitufanya sisi tupige kelele. Kila Alhamisi alikuwa amesimama chini ya dirisha, akisikia kila neno.

"Mimi, kwa maneno ya yule mzee, namtaka mwembamba," aliendelea. "Lakini bibi naye ana hoja. Wewe unasemaje?"

Huenda alikuwa anataka kujua tu, kama mimi ninavyotaka kujua kila kitu. Huenda alitaka jina la aliyeleta mkanda.

"Mwembamba gani, bwana?" nikasema.

Alisubiri kidogo. "Haya," alisema, na foleni ikasogea. Niliukazia macho mchele uliokuwa ukipimwa mbele yangu, na safari hii hayakwenda popote.