Nilikubali nimembemenda binti yangu, kumbe ni jeni ya zinki

Wakuu, salaam kutoka Mikumi. Wakubwa zangu shikamooni.

Naandika huku gundi ya tairi inakauka, mnivumilie. Chumvi sijaweka.

Mimi ni fundi pancha hapa barabarani. Mke wangu alikuwa kwao Rudewa na binti yetu, Nuru.

Alipoachishwa ziwa tu, balaa likaanza. Kuharisha. Vidonda mdomoni, vidoleni, makalioni. Nywele zikanyonyoka. Aisee, nilishindwa hata kula.

Mama mkwe akasema kabemendwa. Mnajua maana yake: baba katoka nje ya ndoa, kisha kamshika mtoto. Na mimi ni wa Mikumi, malori yanalala hapa, gesti kila kona. Nani ataniamini?

Nikaenda Rudewa kumwona mtoto. Mkwe hawezi kunitamkia hayo, akamtuma mke wangu.

"Baba Nuru, wanasema haponi mpaka ukiri. Kama umetoka nje sema tu, sitauliza ni nani. Mimi namtaka mwanangu."

Sijawahi kutoka nje, wallahi. Nikamwangalia Nuru, nikasema, "Ndiyo, nimetoka."

Msinicheke. Siku ile ningeambiwa nikiri nimeiba treni ya Kilosa, ningekiri.

Na akapona! Hata mimi nikaanza kujishuku. Wiki ileile zahanati walikuwa wamempa vidonge vya zinki kwa ajili ya kuharisha, ila hakuna aliyevifikiria.

Vidonge vikaisha, vidonda vikarudi. Mama mkwe: "Karudia huyo!" Mke wangu akaacha kupokea simu zangu.

Nikawafuata Rudewa, nikawapeleka hospitali Morogoro. Daktari akauliza dawa zote alizotumia. Zinki ilipotajwa akadakia, "Alipokuwa anaimeza, alikuwaje?"

Mke wangu akaniangalia. "Alikuwa mzima."

Baada ya vipimo tukaelezwa. Kuna jeni inaitwa SLC39A4, inatengeneza protini ya kubeba zinki kutoka kwenye utumbo kuingia mwilini. Ya Nuru haibebi vizuri. Maziwa ya mama yalikuwa yanamkinga. Mimi nina nakala moja mbovu, mke wangu moja, wenyewe wazima, ila mtoto kazipata zote mbili. Atameza zinki maisha yake yote, na atakua kama wenzake.

Tukiwa stendi mke wangu akauliza, "Sasa yule mwanamke?"

"Hakuwepo."

Akalia. Halafu akacheka huku analia. "Baba Nuru, nimemlaani kila siku mtu ambaye hayupo!" Akanishika mkono mbele za watu, kitu ambacho hakifanyi kabisa.

Mama mkwe hajaomba radhi. Ila kila asubuhi anapiga simu, "Mkwe wangu, mjukuu wangu kameza?" Inanitosha.

Somo langu: mtoto akiumwa, kabla ya kutafuta nani katoka nje, kumbukeni dawa iliyomtuliza, mkamwambie daktari.

Wenye watoto kama Nuru njooni tupeane moyo. Na mtakaosema nilitoka nje kweli, semeni tu. Kwa ajili ya huyu mtoto nakiri tena.