Nilipulizia dawa maboga yangu, nikaua nyuki wa jirani

Wakuu, heshima kwenu. Hili limenikuta mwenyewe, chumvi sijatia.

Mimi ni mwalimu, kwetu Njombe, kazi iko kata ya Ziwani huku Mtwara. Nyuma ya nyumba nililima maboga. Yakastawi, maua kibao.

Wakaja wadudu wekundu wanaotoboa majani. Muuzaji wa dawa akanipa chupa moja, akaniambia hii ni kali, inasafisha kila kitu. Saa moja asubuhi nikajaza bomba, nikapulizia majani, maua, kote. Full confidence.

Mchana nikaona nyuki chini wanajizungusha, hawawezi kuruka. Sikujali, nikaingia kula.

Kesho yake jirani yangu Mama Shadida, mama wa Kimakonde mtulivu sana, akapita akiuliza nani kapulizia dawa. Chini ya mkorosho alikotundika mzinga wake, nyuki wamelala kama pumba.

Ningeweza kukaa kimya. Nikakiri.

Hakufoka. Aliomba aone bustani. Akachuma ua dume, akapakaza unga wake kwenye ua jike, lile lenye kiboga kidogo kwa chini.

"Kazi hii nyuki wangu walikufanyia bure, mwalimu. Sasa ufanye wewe."

Nikafanya. Kila asubuhi kabla ya shule, maana jua likipanda maua yanajifunga. Kiboga nilichokiruka kiligeuka njano, kikadondoka. Mgongo uliniuma kweli.

(Kuna mdudu mwingine mwekundu, mviringo, mwenye madoa meusi, nilizoea kumuua. Kumbe anakula vidukari, wale wadudu wadogo wanaofyonza majani, mmoja baada ya mwingine, kama mtu na karanga.)

Wiki zikapita. Asubuhi moja nimeinama, nikasikia mvumo. Nyuki akaingia ua dume, akatoka njano mpaka machoni, akaenda moja kwa moja ua jike. Dakika haikuisha.

Nilikaa chini kwenye udongo na shati la kazini. Kitu kidogo vile, na bila yeye sili. Kengele ya shule ililia nikiwa bado namtazama.

Siku hizi wadudu naokota kwa mkono. Ikibidi dawa, nasoma lebo yote, napulizia jioni maua yamefunga, na wenye mizinga nawaambia mapema.

Boga la kwanza nilimpelekea Mama Shadida. Alishukuru, akaniambia mzinga bado ni mwepesi, nyuki ni wachache.

Wafugaji wa nyuki mliomo humu, kundi lililopungua hivyo linasaidiwaje? Na wewe mwenye bustani, unapulizia saa ngapi? Nawasoma.