Mtungi Ambao Hakuusikiliza

Kazi yake ni kugonga mitungi na kusikiliza. Mitungi ya oksijeni hurudi bohari mitupu kutoka hospitali na karakana za wachomeleaji, na kabla ya kujazwa upya lazima ipite mikononi mwake. Kwanza huikagua kwa macho: kutu, michubuko, alama za moto. Kisha huupiga kila mmoja kwa nyundo ndogo, mara moja tu, begani. Mtungi mzima hulia kama kengele na mlio wake hukawia. Ulio na ufa hutoa sauti ya debe bovu. Ukilia vizuri, anauchora alama ya chaki, nao unasukumwa chumba cha pili, cha kujazia. Kwa miaka kumi na minne hakuna aliyeuliza swali baada ya chaki yake.

Wenzake humwita Mama Roketi. Jina lilianza siku alipoona kwenye simu ya binti yake hatua ya kwanza ya roketi, kile kipande cha chini kinachoisukuma juu, ikishuka kutoka angani, moto mkiani, ikatua wima kwa miguu yake kama mtu anayeshuka kitandani. Binti alipiga makofi. Yeye aliuliza, "Sasa hiyo nani ataigonga?" Maana alichokiona ni mtungi mrefu, uliojazwa, ukamwagwa, ukarudi ujazwe tena. Ni kazi yake ileile, ila huu watu huukalia juu.

Tangu hapo hajakosa safari hata moja yenye watu, na hajaitazama hata moja bila hofu. Hutazama meno yamekazwa, mkono mmoja tumboni. Alichokipenda kuliko vyote ni kwamba yeyote kati ya wale waongozaji wanaokaa mbele ya skrini anaweza kusema "simama" zikiwa zimebaki sekunde chache, roketi ikamwagwa mafuta, watu wakateremshwa, na hakuna anayechekwa. Hilo alilisimulia kazini mpaka likawachosha.

"Wao wanapaa, tumbo linakuuma wewe," shemeji yake, mdogo wa mumewe na mjazaji wa chumba cha pili, alikuwa akimtania. "Mwoga wewe!"

"Kwa mwoga huenda kicheko, shemeji. Kwa shujaa unajua kunaenda nini."

Hapo wote wawili hutupia jicho ukutani. Kwenye ukuta wa chumba cha kujazia kuna kiraka cha matofali mekundu katikati ya yale ya kijivu, upana wa mlango. Mtungi ulipasukia hapo, kabla hawajaajiriwa. Hakuna aliyewahi kuwaambia nani alikuwa amesimama hapo.

Jumanne moja roketi iliruka saa nne asubuhi, kazi imepamba moto. Simu ni marufuku kwenye mstari wa mitungi, lakini aliitegesha juu ya kasha la vali. Dakika kumi tu. Watu wanne walikuwa ndani, na hatua ya kwanza ilikuwa ikiruka mara yake ya ishirini. Aliendelea kugonga, jicho moja kwa mtungi, moja kwa simu. Hatua ile ilipokuwa ikianguka kuelekea jukwaa lake baharini, picha iliganda. Macho yote mawili yakaenda kwenye simu. Picha iliporudi, dude limesimama wima, na wale wanne wako salama huko juu. Akashusha pumzi, akaficha simu, akamaliza mstari.

Alikuwa akinawa chaki mikononi ndipo alipoyafunga maji ghafla. Picha ilipoganda, mkono ulipiga. Mkono ulichora. Mlio haukumbuki.

Alirudi mbio kwenye mstari. Hakuna mtungi hata mmoja. Ng'ambo ya ukuta mashine ya kujazia ilikuwa imeshaanza kunguruma.

Pengine ulilia, alijiambia. Mitungi karibu yote hulia; mwaka mzima unaweza kukutana na miwili mibovu. Na bosi alishamwonya juu ya simu: mara ya pili hakutakuwa na maneno. Pengine ulilia. Ndipo alipoogopa kweli, kwa sababu hayo ndiyo maneno aliyokuwa akiyahofia siku zote yasije yakapita kichwani mwa mmoja wa wale wa kwenye skrini.

Alipofungua mlango, geji ya presha ilisoma tisini, inapanda. Mitungi kumi na miwili ilikuwa imefungwa minyororo, yote ina chaki. Shemeji yake alikuwa ameiegemea kwa mgongo, anapiga mluzi.

"Simamisha!" Alipaza sauti kuushinda mngurumo.

"Nini tena?"

"Simamisha, nimesema!"

"Geji ziko sawa, shemeji, hebu tazama..."

Hakumngoja. Alipiga swichi nyekundu kwa kiganja.

Gesi ilichukua robo saa kuisha kupitia bomba la juu ya paa. Waliingojea nje, wamechuchumaa nyuma ya ukuta wa zege.

"Mmoja sikuusikiliza," alisema.

"Upi?"

"Sijui."

Shemeji alijipapasa mgongo. "Nilikuwa nimeiegemea kwa mgongo," alisema baadaye, kama anayemweleza mtu mwingine.

Geji iliposhuka hadi sifuri walirudi ndani. Aligonga wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akamkabidhi shemeji nyundo. "Gonga wewe. Mimi nasikia moyo wangu tu."

Iligongwa yote, mara mbili mbili. Yote ililia.

"Umetutoa roho bure!" Shemeji alicheka kwa nguvu, kisha akakaa chini sakafuni.

Bosi aliingia. Shemeji akanong'ona haraka, "Sema geji ilicheza. Nitakuunga mkono."

"Nani kasimamisha?"

"Mimi. Geji haina kosa. Kuna mtungi niliouchora bila kuusikia. Nilikuwa natazama roketi."

Bosi aliitazama mitungi, akakitazama kiraka ukutani, muda mrefu. Kisha akanyoosha mkono. "Lete simu. Itakaa mezani kwangu mpaka saa ya kutoka. Nikiiona tena kwenye mstari, usirudi." Alifika mlangoni, akageuka. "Na siku utakayojua jambo kama hili ukanyamaza..." Akakionyesha kiraka kwa kidole.

Wale wanne walirudi duniani baada ya siku nane, tena saa za kazi. Kurudi ndiko anakokuogopa zaidi: chombo kinazingirwa na moto, na kwa dakika kadhaa mawasiliano hukatika, hakuna ajuaye. Safari hii hakuwa na cha kutazama. Aligonga, akasikiliza, akachora.

Shemeji yake alikuwa ameomba mapumziko mapema, akaenda kusikiliza habari kwa mlinzi wa getini mwenye redio. Mama Roketi alisikia viatu vyake vikirudi, vikasimama mlangoni. Mtungi uliokuwa mbele yake ulikuwa bado unalia. Alisubiri mpaka mlio ukaisha wote. Akachora alama. Ndipo akageuka.

Shemeji alikuwa ameinua vidole vinne.